Malaria hakuna, taifodi hakuna, mbona nimechoka hivi?

Maswali haya huulizwa sana na wauguzi na walimu wa huku Mbeya na Iringa, mara nyingi kwa sauti ya chini, majibu ya maabara yakiwa tayari mkononi.

Nalala masaa nane, naamka kama sijalala. Nina nini?

Kwanza pima wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, maana navyo huchosha. Vikiwa sawa, tazama kazi yako. Uchovu wa kihisia utokanao na kazi una sura tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kuikinai kazi, na kuona kila ufanyacho hakina tija. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza hivyo katika orodha ya magonjwa, toleo la 11, likasema wazi kwamba wenyewe si ugonjwa bali ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa.

Mfumo wa fahamu unaingiaje hapo?

Fikiria lori linalopanda Kitonga. Dereva yuko gia nzito, injini inanguruma, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa lori limefika juu, barabara imenyooka kuelekea Ilula, lakini gia ni ileile. Litafika wapi?

Mwili nao una gia nzito yake. Ukikutana na nyoka shambani, ubongo hupiga king'ora. Mishipa ya fahamu inayoamsha mwili huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini. Moyo unakwenda mbio, tumbo linasimamisha kazi. Dakika chache baadaye hufuata homoni ya kotisoli ili nguvu isikatike. Nyoka akiondoka, kundi jingine la mishipa hutuliza kila kitu.

Tatizo ni kwamba ubongo humchukulia ndugu wa mgonjwa anayekufokea mapokezi karibu sawa na yule nyoka. Na yeye haondoki. Akitoka huyu, anaingia mwingine. Kotisoli, ambayo kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka jioni, huweza kupoteza mpangilio wake. Ndiyo maana unalala, lakini usingizi haukushibishi.

Zamani nililia na wagonjwa, siku hizi sijali. Nimekuwa mtu mbaya?

Hapana. Muuguzi aliyemfunika mtoto wa watu saa nne, saa nne na robo anatakiwa amchangamkie mama wa kitanda kinachofuata. Kumeza huzuni namna hiyo ni kazi, ingawa haimo kwenye mshahara. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayozuia hasira na kupima maneno, na msongo wa muda mrefu huidhoofisha. Kwa hiyo unakuwa mkali kwa vitu vidogo, au unakufa ganzi ili usiumie.

Mama mkwe anasema ni uvivu.

Mvivu hakosi usingizi kwa kuwaza kazi. Mpe shikamoo yake, mengine yaache yapite.

Nifanye nini?

Vuta pumzi taratibu, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, dakika tano hivi. Unapotoa pumzi, mshipa wa fahamu uitwao vagasi hupunguza kasi ya moyo. Kahawa ya Mbozi ni tamu, najua, hasa kwenye baridi ya Julai, lakini masaa matano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini, inywe mapema. Ukitoka zamu ya usiku, funika dirisha kwa kitenge kizito ulale gizani.

Ila tusidanganyane: pumzi haizibi pengo la watumishi. Wawili mkifanya kazi ya watano, nendeni pamoja kwa mkuu wa wodi au mwalimu mkuu mkaombe ratiba ibadilishwe. Mmoja akienda peke yake ataitwa mlalamishi.

Lini niende hospitali?

Ukienda likizo kwenu Tukuyu na huzuni ikakufuata hukohuko wiki mbili mfululizo, hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Pombe ikiwa ndiyo dawa yako ya usingizi, nenda pia. Ukiwaza kujidhuru, nenda leo, tena usiende peke yako.