Pampu ya mashine ya kukamulia: wanayoambiwa wafugaji wa Kusini, na ukweli wake

Mashine za kukamulia bado ni chache Mtwara na Lindi, kwa hiyo anayetaka kununua husikiliza zaidi maneno ya wauzaji. Mengi yanahusu pampu ya vakyumu, na baadhi yanawaumiza ng'ombe.

"Mvuto mkali ndio unaomaliza kazi haraka."

Hili ndilo baya kuliko yote. Kazi ya pampu ni kutoa hewa ndani ya mabomba ili mgandamizo upungue, na maziwa husukumwa nje kwa tofauti ya mgandamizo kati ya ndani ya chuchu na nje yake. Mashine nyingi hufanya kazi kwenye mvuto wa kilopaskali (kipimo cha mgandamizo) 40 hadi 50. Mpira ulio ndani ya kikombe kinachovishwa chuchu hufunguka na kufunga mara 60 hivi kwa dakika, na kila unapofunga, chuchu hupumzika na damu hurudi mwilini. Ukizidisha mvuto, chuchu huvimba, ncha yake huwa ngumu, na vijidudu vya ugonjwa wa kiwele hupata njia. Nasema kwa uchungu, kwa sababu chuchu ikishaharibika hairudi kirahisi kuwa ilivyokuwa. Pampu nzuri ni ile ambayo sindano ya geji ya mvuto haishuki sana hata kikombe kimoja kikidondoka.

"Basi nunua kubwa kabisa, hutajuta."

Akiba ya hewa, yaani uwezo wa ziada wa pampu, inahitajika kweli. Lakini pampu ya kawaida huzunguka kwa kasi ileile muda wote, na mvuto unaozidi hurekebishwa na regyuleta, yaani valvu inayoingiza hewa ya nje. Umeme unalipia hewa inayotolewa na kuingizwa tena! Hapa ndipo wabunifu wamepiga hatua kubwa: kihisio husoma mvuto, na inveta hupunguza au kuongeza kasi ya mota. Mara nyingi umeme wa pampu hupungua kwa nusu au zaidi. Wengi hudhani hilo ni la wenye umeme wa njia tatu tu, kumbe kwa mota ndogo zipo inveta zinazopokea umeme wa njia moja na kuendesha mota ya njia tatu.

"Pampu isiyotumia oili haina matunzo."

Pampu hiyo ina mabapa ya kaboni yanayoteleza yakiwa makavu, na hulika taratibu. Faida yake ni kweli: haipulizi moshi wa oili bandani. Lakini unyevu ni adui yake, na pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, hewa ni nzito kwa maji. Chupa ya kunasa maji kabla ya pampu ni lazima. Mwenye pampu ya oili aangalie rangi: oili ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ibadilishwe.

Kichujio cha regyuleta nacho kisisahaulike, hasa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi linapotapakaa kila mahali.

"Lita zilizoandikwa kwenye kibao ndizo utakazopata."

Hizo ni lita za hewa ambazo pampu hutoa kwa dakika; muulize muuzaji zimepimwa vipi. Pampu inayovuta hewa huru hutoa namba kubwa. Ikipimwa kwenye mvuto wa kilopaskali 50, namba hushuka. Hiyo ya pili ndiyo ya kulinganishia bei.