Wagonjwa wa dharura walikwenda wapi wakati wa kufungiwa?

Mwaka 2020, wiki chache baada ya nchi kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, vitengo vya dharura vilipoa. Nchini Marekani, kati ya Machi 29 na Aprili 25, waliofika dharura walipungua kwa asilimia 42 wakilinganishwa na kipindi hicho mwaka 2019. Ni kosa kudhani kwamba watu walikuwa wamepona.

Majeruhi ndio waliopungua kweli. Afrika Kusini ilipofunga nchi Machi 27 ilipiga marufuku pia uuzaji wa pombe, na waliochomwa visu au kugongwa na magari wakapungua wodini. Pombe iliporuhusiwa Juni 1 walirudi kwa wingi, hata marufuku ikarejeshwa Julai 12 ili vitanda vipatikane.

Kiharusi na mshtuko wa moyo ni habari nyingine. Katika wiki 10 baada ya Marekani kutangaza hali ya dharura, waliofika hospitali kwa mshtuko wa moyo walipungua kwa asilimia 23 na wa kiharusi asilimia 20. Wengi waliugulia nyumbani kwa kuogopa virusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Anayengoja kukuche ameikosa. Uganda kikwazo kilikuwa njia: usafiri wa umma ulisimamishwa, kisha magari binafsi, na mgonjwa akatakiwa kupata kibali cha mwakilishi wa rais wilayani. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2. Baadaye wajawazito waliruhusiwa kusafiri bila kibali.

Kukosa dawa nako huleta dharura, na madhara ya akili huchelewa kuonekana; hapo ndipo familia hukosea. Mwenye kifafa akikatisha dawa ghafla huweza kupata degedege mfululizo. Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, anaweza kukaa wiki kadhaa bila dawa akionekana mzima, ndugu wakasema hakuhitaji dawa. Akianza kukesha usiku 2 au 3, msingoje avunje vitu.

Anayekunywa kila siku akinyimwa pombe ghafla, mikono hutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48. Kuweweseka na kuona mauzauza, kati ya siku ya 2 na ya 4. Watu husema amepagawa, wakamfunga kamba. Hali hii huua. Hospitali hutumia diazepamu, dawa ya kutuliza, na vitamini B1, tena vitamini hiyo hutangulia dripu ya sukari.

Kafyu ikitangazwa, chukua dawa za mwezi mzima mapema na uwe na namba za madereva wawili wanaokubali kuitwa usiku. Sumu ya wadudu na vidonge vilivyobaki vifungiwe kwa kufuli. Ukimhofia mtu, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hata chooni mpaka afikishwe kituo cha afya.