The Botanic Garden: utenzi wa daktari ndani ya ngozi ya ndama

Kazi yangu ni kujalidi na kukarabati vitabu vya kale, na kati ya vile vya karne ya 18 hakuna ninachokipenda kama The Botanic Garden, utenzi wa Erasmus Darwin kuhusu mimea. Huyu ni babu yake Charles Darwin. Alizaliwa mwaka 1731, akatibu watu mjini Lichfield, Uingereza, kwa zaidi ya miaka 20, kisha akahamia upande wa Derby, na huko akafariki mwaka 1802.

Ajuaye kitabu hiki huanza kwa kutazama tarehe zake, kwa sababu ni vitabu viwili. Sehemu ya pili, The Loves of the Plants, ndiyo iliyotangulia kutoka, mwaka 1789, tena bila jina la mtunzi. Ya kwanza, The Economy of Vegetation, ina tarehe ya 1791. Wanunuzi wengi wa enzi zile walichukua kurasa zilizoshonwa kwa muda tu, kisha wakazipeleka wenyewe kwa mjalidi. Ndiyo maana juzuu moja la ngozi mara nyingi hubeba toleo la kwanza la sehemu ya kwanza na toleo la tatu la sehemu ya pili. Wapo wanaodhani wamepunjwa, wakataka lifumuliwe na "kusahihishwa". Nawasihi wasifanye hivyo. Mshono ule ndio ushahidi wa jinsi mwenye kitabu wa kwanza alivyokipata.

Utamu wenyewe uko ndani. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipanga mimea kwa kuhesabu viungo vya uzazi vya maua. Darwin akavigeuza viungo hivyo kuwa wanaume na wanawake, katika mishororo iendayo miwilimiwili kwa vina. Ua la Gloriosa lina mke mmoja na waume sita. Mimosa, mmea wa jamii ya kifauongo, ni bibi mwenye haya anayejikunja akiguswa. Humo humo mnasifiwa nguvu ya mvuke, na mnatajwa kidani cha mfinyanzi Josiah Wedgwood chenye mtumwa aliyepiga magoti akiomba uhuru.

Chini ya beti kuna tanbihi, na mimi huzisoma kwanza. Kuna kurasa ambazo zimejaa tanbihi hadi shairi limebaki na mistari michache tu juu. Hapo ndipo daktari anaposema kwa sauti yake. Akifika kwenye digitalisi, anaeleza jinsi mmea huo unavyomsaidia mgonjwa aliyevimba miguu na kupumua kwa shida. Hayo ameyaona kwa wagonjwa wake.

Kuhusu ngozi: ukishika jalada likakuachia unga mwekundu mkononi, ngozi imeoza kwa asidi, na moshi wa makaa ya mawe una mchango mkubwa katika hilo. Usipake mafuta ya nazi wala kiwi. Huacha madoa, hunasa vumbi, na hayarudishi nguvu iliyokwisha potea. Sisi hutumia gundi nyepesi ya selulosi iliyoyeyushwa katika spiriti, kisha kitabu kinakaa ndani ya boksi lisilo na asidi. Glavu hazihitajiki. Mikono safi, mikavu, inatosha, na inahisi karatasi vizuri zaidi.

Mwisho hesabu michoro, maana wafanyabiashara wengine huikata na kuiuza mmoja mmoja. Inayotafutwa sana ni ile aliyoichonga mshairi na msanii William Blake kwenye mabamba ya shaba: mmoja kutokana na kazi ya mchoraji Fuseli kuhusu Misri, na minne ya Chombo cha Portland (chombo cha kale cha kioo cha Kirumi), ambayo haina sahihi yake. Pitisha kidole pembeni mwa mchoro. Bamba la shaba huacha mbonyeo kwenye karatasi, isipokuwa mjalidi awe amepunguza kingo mno. Mchoro wa Tornado, nao wa Fuseli na Blake, uliongezwa katika toleo la tatu la sehemu ya kwanza, mwaka 1795. Basi ukiukuta katika juzuu ambalo sehemu yake ya kwanza ni ya 1791, muulize muuzaji umetolewa nakala gani.