Bilal Baig hakuokotwa na TV jamani

Kuna hii stori watu wanapenda kuirusha, eti Bilal Baig aliokotwa tu na CBC, kituo cha TV cha Kanada, 2021 kwa vile walikuwa wanasaka Mwislamu kwia (queer, yaani asiyefuata mgawanyo wa kawaida wa jinsia au mapenzi) wa kuweka kwenye skrini. Hapana bana, huyu ni mtu wa jukwaani, anaandika michezo ya kuigiza, na mchezo wake Acha Bacha ulichezwa Toronto 2018, unamhusu kijana Mwislamu anayevutwa huku na mapenzi, huku na dini, huku na mama mzazi. Na hiyo Sort Of, tamthilia ya CBC iliyomfanya ajulikane, aliitunga yeye na Fab Filippo, siyo kwamba alipewa skripti akakariri. Halafu wengine wanadhani ni tamthilia ya kujitangaza tu, kumbe Sabi, mhusika mkuu anayeigizwa na Baig, ni yaya, usiku anauza baa, ashapanga kwenda zake Berlin, ghafla mama wa watoto anaowalea anapata ajali ya baiskeli anaingia koma, safari imekufa. Misimu mitatu hiyo. 2022 Baig alikataa kushindanishwa tuzo za uigizaji za Kanada sababu ziligawanywa kiume na kike, baadaye wakaziunganisha (sisi na "yeye" yetu isiyotaja kiume wala kike tungeshaelewana zamani).