Cheti binafsi hakionekani kwenye kivinjari: tafuta ufunguo kwanza

Tovuti inadai cheti binafsi, yaani cheti cha kidijitali kinachokutambulisha kwake, nawe ukifungua orodha ya vyeti unaikuta tupu. Usifute kitu na usisakinishe kivinjari upya kwanza. Cheti huambatana na ufunguo wa siri, yaani data ya siri inayothibitisha kwamba cheti ni chako. Cheti chenyewe ni cha hadharani, na mtoaji anaweza kukutumia nakala wakati wowote. Ufunguo ukifutika bila nakala, huna budi kuomba cheti kipya.

Swali langu la kwanza huwa: kiliwekwa wapi? Kwenye Windows, Chrome na Edge hutegemea ghala la mfumo la mtumiaji aliyeingia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika certmgr.msc, kisha fungua Personal na Certificates. Kwenye macOS tazama Keychain Access. Firefox ina ghala lake ndani ya folda ya wasifu (profile), panapokaa mipangilio na data zako: cert9.db hutunza vyeti, key4.db hutunza funguo. Kwa hiyo cheti ulichoingiza kupitia Firefox hakitaonekana Chrome hata uwashe kompyuta upya mara ishirini. Kinyume chake huwezekana, kwani tangu toleo la 90 Firefox ya Windows na macOS husoma pia vyeti vya mfumo, mradi security.osclientcerts.autoload katika about:config iwe true.

Ukikikuta ndani ya certmgr, kibofye mara mbili. Chini ya tarehe za uhalali pawe na mstari unaosema una ufunguo wa siri unaolingana nacho. Usipokuwepo, umeingiza ganda bila kiini. Faili ya .cer au .crt hubeba cheti tu, inayotakiwa ni .p12 au .pfx, ambayo hubeba cheti pamoja na ufunguo na huja na nenosiri. Kama ufunguo ulitengenezwa kwenye kompyuta hiyohiyo chini ya akaunti hiyohiyo, jaribu kuviunganisha kwa amri hii katika Command Prompt:

certutil -user -repairstore my "namba ya mfululizo ya cheti"

Na .p12 ikikataliwa kwa madai kwamba nenosiri si sahihi, hali una hakika nalo? OpenSSL 3, programu inayoweza kutengeneza faili hizo, hutumia usimbaji wa AES-256 ambao matoleo ya zamani ya Windows hayausomi, kisha lawama huangukia nenosiri. Itengeneze faili upya kwa kuongeza -legacy kwenye amri ya openssl pkcs12 -export.

Kigumu zaidi ni pale ambapo cheti kipo, ufunguo upo, lakini dirisha la kuchagua halitokei. Seva huweza kutuma majina ya mamlaka za kutoa vyeti inazozikubali, na kivinjari huficha kila cheti kisichofika kwenye mojawapo. Mara nyingi kilichokosekana ni cheti cha kati, kinachounganisha cheti chako na mamlaka hiyo. Katika dirisha la cheti ndani ya certmgr, fungua kichupo cha Certification Path. Mnyororo ukiwa umekatika, chukua cheti cha kati kwa mtoaji ukiweke katika Intermediate Certification Authorities. Kagua pia tarehe ya mwisho wa cheti na Enhanced Key Usage, sehemu inayotaja cheti kinaruhusiwa kutumika kwa nini. Ikiwa imeorodhesha matumizi, lazima iwemo Client Authentication, yenye namba 1.3.6.1.5.5.7.3.2. Cheti cha kusaini barua pepe pekee hakitapita hapo. Kuna na jambo dogo linalosahaulika: uliwahi kubofya Cancel, kivinjari kikakumbuka. Funga madirisha yote ya Chrome. Katika Firefox, futa uamuzi huo kwenye kichupo cha Authentication Decisions cha kidhibiti cha vyeti.

Kwa kadi janja na tokeni za USB, ufunguo hautoki ndani ya kifaa. Kwenye Windows hakikisha huduma ya Certificate Propagation inafanya kazi. Firefox huweza kuhitaji moduli ya PKCS#11 ya mtengenezaji (programu inayokiwezesha kivinjari kuwasiliana na kifaa), inayopakiwa kupitia Security Devices. Moduli ya biti 32 haitapakika kwenye kivinjari cha biti 64.

Kama vyeti vilitoweka baada ya Refresh ya Firefox (kuirudisha katika hali ya awali), tafuta folda ya Old Firefox Data kwenye eneokazi. Usinakili key4.db ya zamani juu ya mpya, maana ndiyo inayofungua pia manenosiri uliyohifadhi. Nakili folda ya wasifu wa zamani, uifungue kama wasifu wa pili kupitia about:profiles, utoe cheti kwa Backup kama .p12, kisha ukiingize kwenye wasifu unaoutumia.