Si kila okidi yenye sura ya mdudu ni okidi ya nyuki

Okidi ya nyuki ni spishi moja, Ophrys apifera, inayomea porini Ulaya, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Jenasi ya Ophrys imejaa maua yenye sura ya mdudu, ndiyo maana picha nyingi zinazopewa jina hili ni za ndugu zake.

Tatizo ni kwamba watu hutazama mabaka. Wakishaona mdomo, yaani petali kubwa ya chini ya ua, wa kahawia wenye vinyweleo na michoro ya manjano, basi, wametoa hukumu. Michoro hiyo hutofautiana mno hata kati ya mimea iliyo jirani. Tazama ncha ya mdomo. Kwa Ophrys apifera, ile ncha ndogo imejikunja kwa nyuma, chini ya mdomo, hata ukilitazama ua kwa mbele huioni. Kwa Ophrys fuciflora, inayochanganywa nayo mara kwa mara, ncha hutokeza mbele na kupinda juu. Tena kuna aina iitwayo trollii, yenye mdomo mrefu uliochongoka. Huyo ni apifera yuleyule, msimtenge.

Kisha panda juu ya mdomo. Utaona vifurushi viwili vya chavua kwenye vikonyo vyembamba mno. Vikonyo hulegea, vifurushi vikaning'inia, upepo ukavisukuma hadi vikagusa stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, ya ua lilelile. Kwa hiyo si sahihi kusema okidi hii haizai bila kumhadaa nyuki dume. Hadaa ipo kweli katika jenasi hii, kwa umbo na kwa harufu ya jike, na upande wa Mediterania nyuki wa jenasi Eucera huitembelea apifera. Lakini Uingereza karibu mara zote hujichavusha yenyewe. Charles Darwin aliieleza tabia hiyo mwaka 1862, nayo ilimshangaza sana.

Mahali nako kunasaidia: udongo wa chokaa, nyasi fupi, jua la kutosha, hata machimbo ya mawe yaliyoachwa na kingo za barabara. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, hivyo hazioti bila kuvu wa udongoni.

Basi ukikutana nalo limechanua, mwezi Juni au Julai huko Uingereza, lipige picha ya ubavuni pia. Ncha isipoonekana, andika Ophrys tu. Hilo nalo ni jibu sahihi.