Geuza ukurasa wa jina: dhana potofu kuhusu vitabu vya kitaalamu

Anayenunua kitabu cha kitaalamu Mombasa, kiwe cha uhandisi, uuguzi, uhasibu au ubaharia, mara nyingi hutazama jalada, unene na bei. Ukurasa unaostahili kutazamwa kwanza haufunguliwi kabisa. Ni ule ulio mgongoni mwa ukurasa wa jina, wenye maandishi madogo ya hakimiliki, toleo, mwaka, mchapishaji na namba ndefu. Dhana nyingi zinazosemwa madukani, vyuoni na kwa wauza vitabu vya mtumba zingekufa hapo hapo kama watu wangegeuza karatasi hiyo moja.

"Kitabu cha zamani hakifai"

Dhana hii ina pacha wake: "Kitabu ni kitabu, elimu haiozi." Zote mbili hupotosha, kwa sababu hazijali kitabu ni cha somo gani.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, akipata kitabu cha kalkulasi cha mwaka 1970 kwa bei ya mtumba, hajapunjwa. Misingi ya somo hilo iliwekwa karne ya 17 na haijabomoka. Pengine amepata maelezo ya wazi zaidi na mazoezi magumu zaidi kuliko ya vitabu vilivyojaa picha za rangi. Ndivyo ilivyo kwa jometri, kwa hesabu za boriti na mizigo, na kwa majina ya mifupa ya mkono.

Sasa chukua kitabu cha umeme. Vitabu vingi vya kufunga nyaya vinavyozunguka hapa Pwani vimefuata kanuni za Uingereza. Katika vile vya zamani, waya mwekundu ni laivu (wenye moto) na mweusi ni nyutro (usio na moto); penye fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye moto, rangi ni nyekundu, njano na buluu. Rangi hizo zilibadilishwa Uingereza: mpya ziliruhusiwa kuanzia 2004 na zikawa za lazima kwa kazi mpya kuanzia Aprili 2006. Laivu ikawa ya kahawia, nyutro buluu, na fezi tatu zikawa kahawia, nyeusi na kijivu. Tafadhali isome tena polepole: mweusi uliokuwa nyutro sasa unaweza kuwa fezi, na wa buluu uliokuwa fezi sasa ni nyutro. Fundi aliyesomea kitabu cha 1995, akifungua kisanduku kilichofungwa kwa rangi mpya, anaweza kushika mweusi akiamini hauna moto. Na kwa kuwa majengo ya zamani yana nyaya za zamani, anahitaji kuzijua rangi zote mbili, na testa iwe mkononi kabla ya kuamini kitabu chochote.

Baharini muda wa kitabu ni mfupi zaidi. Kilindini, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, na jedwali la maji la mwaka uliopita halitakuambia saa ya leo. Chati za Admiralty za Uingereza, yaani ramani za baharini, hutolewa masahihisho kila wiki. Kwa upande wa tiba, mwongozo wa dawa wa Uingereza, British National Formulary, hutoka upya kila miezi 6 ukiwa kitabu cha kuchapwa, maana dozi na tahadhari hubadilika. Muuguzi anayetumia nakala ya miaka 10 iliyopita kupima dozi ya mtoto anabeba hatari ambayo hakuichagua.

Hata lile lililoonekana limeshathibitishwa huweza kugeuka. Kwa miongo kadhaa vitabu vya biolojia viliandika kwamba seli ya binadamu ina kromosomu (nyuzi za urithi) 48. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi Lund, Sweden, walionyesha kwamba ni 46. Waliokuwa wamehesabu kabla yao walikuwa wanasayansi wa kweli, na vitabu vyao vilikuwa vya heshima.

Hapa ndipo pa kuwa makini na tofauti kati ya toleo na chapa. Toleo jipya maana yake maandishi yamepitiwa na kubadilishwa. Chapa mpya maana yake mashine imewashwa tena tu. Kitabu kilichoandikwa "toleo la kwanza 1985, kimechapwa tena 2014" kina karatasi za 2014 na elimu ya 1985. Muuzaji atakuonyesha 2014 kwa kidole. Wewe tafuta mwaka wa toleo. Wachapishaji wengi pia huweka mstari wa tarakimu, kama 10 9 8 7 6 5 4 3, na tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo inayoonyesha hiyo ni chapa ya ngapi.

"Kina ISBN, basi kimepitishwa na wataalamu"

Hapana. ISBN, ile namba ndefu, ni namba ya utambulisho wa kibiashara, ya kumwezesha muuzaji na mkutubi kukiagiza kitabu kile kile bila kukikosea. Nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa, na kundi la tarakimu 9966 ndani yake linaonyesha kitabu kimesajiliwa Kenya. 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9970 ya Uganda. Hakuna anayesoma sura hata moja kabla ya kuitoa. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia ili kunasa makosa ya kuandika namba, si makosa yaliyomo kitabuni.

Namba hiyo ina faida nyingine ndogo: tangu Januari 2007 imekuwa ya tarakimu 13, kabla ya hapo zilikuwa 10. Kitabu chenye namba ya tarakimu 10 peke yake karibu hakika kilichapwa kabla ya wakati huo, hata kama ukurasa wa mwaka umechanika.

Ukitaka kujua kama kitabu kimepitiwa na wataalamu, tafuta ni nani aliyekichapisha na kwa utaratibu gani. Wapo wachapishaji wanaowaandikia wahitimu barua pepe za sifa, wakiwaahidi kuigeuza tasnifu kuwa kitabu bila mtu yeyote kuihakiki. Kitabu kinatoka, kina jalada zuri na ISBN halali, na bei yake inatisha. Nawasihi wahitimu wetu wasikimbilie huko. Jasho la utafiti wa miaka linastahili msomaji mkali kabla ya jalada.

"Chapa ya India ni feki"

Hii inawaumiza wanafunzi wa kipato kidogo kuliko dhana nyingine zote. Wachapishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani hutoa, wenyewe au kwa leseni, matoleo ya bei nafuu kwa ajili ya Asia, India ikiwemo, na kwingineko. Karatasi ni nyepesi, jalada ni laini, picha pengine hazina rangi. Maneno mara nyingi ni yale yale.

Ushahidi ulimwagwa mahakamani. Supap Kirtsaeng, mwanafunzi wa Thailand aliyekuwa akisoma Marekani, aliwaomba ndugu zake wamnunulie kwao vitabu vya kiada vya bei ya chini, akaviuza Marekani. Mchapishaji John Wiley & Sons akamshtaki. Vitabu vile havikuwa bandia hata kimoja. Vilikuwa vya kampuni hiyo hiyo, vilivyotengenezwa kwa soko la Asia. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki mwanafunzi kwa kura 6 dhidi ya 3. Hukumu ile ni ya sheria za huko, lakini jambo moja ililoliweka wazi linatuhusu: bei ndogo peke yake haithibitishi ughushi.

Tahadhari iko mahali pengine. Matoleo hayo wakati mwingine hupanga upya maswali ya mazoezi, kwa hiyo mwalimu akisema "swali la 12, sura ya 4" linganisha na mwenzako kwanza. Na feki za kweli zipo: herufi zilizofifia kama fotokopi ya fotokopi, michoro iliyoziba, kurasa zilizorukwa, ukurasa wa hakimiliki usiotaja mchapaji.

"Kikiwa mtandaoni ni cha bure, na fotokopi ya masomo ni halali"

Kwa upande mmoja, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na mapitio, mradi chanzo kitajwe. Sura au kurasa chache unazonakili ili uzisome mwenyewe zina nafasi ya kutetewa. Kukipeleka kitabu kizima kwa fotokopi, kukifunga uzi na kukiuza langoni mwa chuo ni jambo jingine kabisa. Ulinzi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na mwandishi huyo anaweza kuwa mhadhiri wa hapa hapa Pwani aliyegharimia kazi yake kwa mshahara wake.

Kwa upande wa pili, wapo wanaoogopa kila faili la PDF kana kwamba ni mali ya wizi, na hao wanajinyima. Chuo Kikuu cha Rice huko Texas kilianzisha OpenStax mwaka 2012. Hutoa vitabu vya fizikia, biolojia, uchumi, takwimu na vingine, vilivyohakikiwa na wataalamu, na vingi vina leseni inayoruhusu kunakili na kuchapa mradi umtaje mwenye kazi. Leseni imeandikwa waziwazi kwenye kurasa za mwanzo. Tena vyuo vikuu vya Kenya, kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, hulipia kwa pamoja hifadhi za majarida na vitabu vya kielektroniki. Mwanafunzi anayelalamika hana vitabu, hali hajawahi kumwomba mkutubi neno la siri la hifadhi hizo, ameuacha mlango wazi akapita dirishani.

"Kiswahili hakina vitabu vya kitaalamu"

Hili linaniuma kulisikia likisemwa mjini humu. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kuishi Mombasa miaka mingi hadi kifo chake 2017, aliandika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa Leiden 1979, utenzi unaoeleza chombo cha baharini kinavyoundwa na kusafirishwa. Umbuji wa Mnazi, uliotoka 1985, unaushughulikia mnazi na matumizi yake. Anayejua kutofautisha kidaka, kitale, dafu na koroma tayari ana istilahi ambazo mtaalamu wa kilimo angezihitaji kueleza hatua za kukua kwa tunda.

Na asiseme mtu kwamba beti haziwezi kubeba utaalamu. Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15, aliandika kwa Kiarabu mwongozo wa safari hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, ukipita mwambao wetu huu, wote kwa mashairi, ili nahodha auhifadhi kichwani. Ulichapishwa kutoka hati za Leningrad, Urusi, mwaka 1957. (Ile hadithi kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, wanahistoria wengi leo hawaikubali; mwandishi Mreno João de Barros alimtaja rubani wa Vasco kuwa Mgujarati, mtu wa India.)

Katika nathari, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Istilahi zipo. Kinachokosekana ni wanaoziandikia vitabu vya kiada vya ngazi za juu, kwa kuwa vyuo hufundisha kwa Kiingereza na mchapishaji hufuata soko.

"Ni vya wanafunzi, na lazima usome mwanzo hadi mwisho"

Fundi wa majokofu wa Changamwe anahitaji jedwali moja la mgandamizo wa gesi. Mwenye karakana Shimanzi anahitaji kipimo cha skrubu. Vitabu hivi vimetengenezwa hivyo: yaliyomo mbele, faharasa nyuma, majedwali kwenye viambatisho. Maktaba ya umma iliyopo mjini haimuulizi mtu shahada, na vitabu vya rejea, vile visivyoazimwa, husomewa hapo hapo. Nenda na daftari, anzia kwenye faharasa kwa neno lako, na ukishanakili jedwali andika pembeni jina la kitabu, toleo na mwaka, ili mwenzako karakanani ajue kama bado linatumika.